Mtoto Alete Habari, Asilete Mnyama

Sisi wa Dodoma twamjua nge. Watoto wetu hukung'uta kiatu kabla ya kukivaa. Lakini bahari hatukukua nayo, na tangu treni ya umeme ilipoanza safari za Dar es Salaam mwaka 2024, wengi wetu tumewapeleka watoto Mbudya na Bongoyo kuchungulia matumbawe.

Likizo iliyopita kijana wetu mmoja wa shule ya Jumapili aliibuka na konokono wa umbo la koni, mwenye madoa mazuri kama kanga. Alikwisha kumtia mfukoni. Nahodha wa boti akapiga kelele amtupe. Tulidhani anatuonea, maana visiwa hivyo ni maeneo tengefu tangu 1975 na kuokota vitu hakuruhusiwi. Kumbe konokono huyo huchoma kwa jino la sumu litokalo upande mwembamba, na wako waliokwisha kuua watu. Maumivu huweza kuwa madogo mwanzoni, kisha huja ganzi, macho kuona ukungu, na pumzi kushindwa. Sumu hiyo haina dawa yake. Mgonjwa atulizwe, asitembezwe, akimbizwe hospitali asaidiwe kupumua.

Tangu siku hiyo tunawaambia watoto walete habari tu. Ana gamba, mapezi au miiba? Mikono mingapi? Alikuwa mchangani, shimoni au juu ya jiwe? Rangi tunaiuliza mwisho, kwa kuwa pweza huibadili ukimtazama. Kwa habari hizo nahodha hutaja jina upesi: mikono mitano mchangani, kiti cha pweza, kama soseji nene itambaayo, jongoo bahari. Bapa, mkia mrefu, amejifukia mchangani, huyo ni taa, na mkia wake una mwiba wa sumu. Samaki mwenye milia na mapezi yaliyotanuka kama mabawa naye ana miiba ya sumu. Wa kutisha zaidi hufanana na jiwe lililoota mwani, kwa hiyo watoto wavae raba na wasikanyage matumbawe.

Mtoto akichomwa na samaki hao, tumbukiza mguu katika maji ya moto anayoweza kuvumilia, nusu saa hadi saa moja na nusu, huku mkaelekea hospitali. Yapime kwanza kwa mkono wako mwenyewe, yasimbabue. Usichanje, usinyonye, usifunge kamba. Ndiyo maana siku hizi kapu letu lina chupa mbili za chai, na moja haina majani.