UCHAMBUZI: Mtaji Turkana: Serikali itoe fedha, wazoefu wateue

TANGU Hazina ya Maendeleo ya Biashara za Vijana ilipoanzishwa mwaka 2006, kila serikali inayoingia madarakani nchini Kenya hubuni hazina yake. Hazina ya Uwezo ilizinduliwa mwaka 2013, ikafuatwa na Hazina ya Hasla mnamo Novemba 30, 2022. Lakini je, anayefaa kuteua wa kupewa mtaji ni serikali, au ni mtu aliyewahi kuanzisha biashara mwenyewe?

Kakuma, takriban kilomita 120 kutoka Lodwar, inatoa nusu ya jibu. Utafiti wa Shirika la Fedha la Kimataifa (IFC) wa mwaka 2018 ulikadiria uchumi wa kambi na mji huo kuwa takriban Sh5.8 bilioni kwa mwaka, ukiwa na maduka zaidi ya 2,000. Maduka hayo hayakujengwa na hazina za serikali. Mengi yalitegemea akiba, fedha za jamaa walio ng'ambo na bidhaa za mkopo kutoka kwa wauzaji wa jumla, baadhi yao wakimbizi waliopanda ngazi hiyo hiyo. Muuzaji wa jumla anajua ni nani hulipa, na ni bidhaa gani hudoda. Akikosea, hasara ni yake. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi.

Serikali haina jicho hilo. Hazina ya Hasla ilianza na mikopo ya Sh500 hadi Sh50,000 kwa riba ya asilimia 8 kwa mwaka, masharti yakiwa yale yale Nairobi na Lodwar. Sh500 hazimfikishi mbali mchuuzi ambaye bidhaa zake husafirishwa kutoka Kitale. Aidha, kwa kuwa mkopo huo huhitaji kitambulisho cha taifa, mkimbizi hufungiwa nje.

Hata hivyo, mzoefu naye ana upofu wake. Humkopesha amjuaye, kwa bidhaa zake na kwa bei yake. Mama Mturkana anayeuza makaa kambini hayumo katika daftari lake. Wala tajriba ya sukari na unga haimwezeshi kupima wazo la kijana aliyesomea kompyuta katika chuo cha Startup Lions, kilichofunguliwa mwaka 2021 kando ya Ziwa Turkana. Isitoshe, mgao wa chakula wa WFP ulipopunguzwa mwaka 2025, pigo lilimlenga mwenye duka na mkopeshaji wake kwa pamoja.

Israeli ilipokabiliwa na swali hili mwaka 1993, iliunda mpango wa Yozma wa dola milioni 100. Sehemu kubwa ya fedha hizo iligawiwa hazina 10 zilizoendeshwa na wawekezaji waliotia fedha zao pia.

Turkana inaweza kuiga kwa kipimo chake. Kwa kila shilingi ambayo mfanyabiashara mzoefu anaweka katika biashara changa isiyo ya jamaa yake, serikali iongeze moja. Masharti yawe mawili: mkopaji awe huru kununua bidhaa popote, na sehemu ya fedha itengewe wanawake na fani mpya. Sheria ya Wakimbizi ya 2021 inawaruhusu wakimbizi kushiriki uchumi, hivyo wasiachwe nje.

Hazina nyingine inayogawa fedha bila mteuzi mwenye cha kupoteza itazalisha madeni tu.