Mashini ya kufula nguo: tuhesabu bidoni kwanza, bei baadaye

Leo nazungumza juu ya kitu ambacho wengi watasema ni cha matajiri: mashini ya kufula nguo. Najua mtu ataniuliza: watu wanalala chini kwa ndugu zao, hawajui kama watarudi Masisi ao Rutshuru mwezi huu, na wewe unatuletea habari ya mashini? Ndiyo, ninaileta, na ninaileta kwa ajili ya watu hao hao.

Kambi za Kanyaruchinya, Bulengo, Lushagala na nyingine zilipobomolewa mwanzoni mwa mwaka 2025, wahami wengi walirudi vijijini. Wengine walibaki hapa Goma, kwa shangazi, kwa shemeji, kwa rafiki wa kanisani. Nyumba ya watu sita ikawa ya watu kumi na wawili. Chakula tunagawana, godoro tunagawana. Kuna kazi moja ambayo hatugawani: kufula. Nguo za watu kumi na wawili zinabaki mikononi mwa mama wa nyumba, mama mhami na wasichana wawili watatu. Jumamosi yao inaisha kwenye beseni, na mara nyingi Jumatano pia.

Sasa kuna familia ambazo zinaanza kuweka feza kidogo kidogo ili kununua mashini, na nyingine ambazo mtoto wao aliye Ulaya ao Amerika ameahidi kuwatumia feza ya kuinunua. Maoni yangu ni haya: kwa nyumba nyingi za mji huu, mashini inayofaa si ile inayofanya kila kitu peke yake. Ni ile isiyoongeza hata bidoni moja juu ya kichwa cha mtoto. Na mwenye kuichagua awe yule anayefula.

Tuanze na maji

Goma imejengwa juu ya mawe ya volkeno. Hapa kuchimba kisima si kazi ndogo, kwa hiyo maji ya mji yanatoka ziwani na kusukumwa juu kwa mashini za umeme. Umeme ukikosa, robine nayo inakauka. Mlipuko wa Nyiragongo wa tarehe 22 mwezi wa 5, 2021 uliharibu vifaa vya maji upande wa kaskazini ya mji. Mwezi wa 1, 2025, wakati wa vita, robine zilikauka tena, na wakaaji wakashuka kuchota maji ya ziwa moja kwa moja. Kila mkaaji wa Majengo, Ndosho ao Mugunga anajua foleni ya bidoni ni nini.

Mashini za kujiendesha zenyewe, zile za mlango wa mbele wenye kioo, zilitengenezwa kwa nyumba ambayo robine inatoa maji mchana na usiku, tena yenye nguvu. Nyingi zinadai nguvu ya nusu bar. Fundi bomba atakueleza kwamba kila metri moja ya urefu inatoa karibu sehemu moja ya kumi ya bar. Maana yake, tanki lako linapaswa kukaa metri 5 juu ya mashini. Angalia sasa lile tanki lako lililo juu ya miti, metri 2 kutoka chini. Mashini itangoja maji, itangoja, kisha itawasha taa ya makosa na kusimama.

Wengine wanasema: tutamimina maji na ndoo kwenye kisanduku cha sabuni. Inawezekana. Lakini mashini hiyo inaita maji mara ya kwanza kufula, mara ya pili kusuuza, mara ya tatu kusuuza tena. Mtu atasimama hapo na ndoo muda wote. Mtu huyo ni nani? Ni yule msichana tuliyesema tunampumzisha.

Lazima niseme pia ukweli mwingine: mashini ya mlango wa mbele haipotezi maji. Ya kilo 7 inatumia karibu litri 50 kwa zamu moja, yaani bidoni mbili na nusu. Mwenye robine ya uhakika, tanki la juu na feza ya umeme, hiyo ni mashini nzuri kwake. Ile ya kujiendesha yenye mlango wa juu ndiyo inayokunywa maji: zamu moja inaweza kupita litri 100.

Inabaki mashini ya vyumba viwili, chumba kimoja cha kufulia na kingine cha kukamulia. Watu wengi wanaidharau kwa sababu plastiki yake inaonekana nyepesi na unapaswa kuhamisha nguo kwa mkono. Mimi naitetea. Haingoji robine: unamimina maji na ndoo, basi. Maji ya sabuni yaliyofula mashuka yanaweza kufula nguo za rangi, kisha suruali za kazi. Maji ya mwisho ya kusuuza unayakinga ndani ya beseni, yanaanza zamu ya pili ao yanasafisha choo. Ukiiacha imimine maji ovyo, itatumia mengi kuliko ile ya kioo. Ukiwa na akili ya mama aliyezoea kulipa bidoni, utapunguza. Hapo mtu ndiye anayeamua maji yatumike namna gani.

Umeme nao

Mji unapata umeme wa SNEL kutoka upande wa Ruzizi na umeme wa Virunga Energies kutoka kiwanda cha Matebe, huko Rutshuru, chenye megawati 13. Vita ilipoharibu nyaya mwanzoni mwa 2025, tulikaa gizani kwa siku kadhaa. Hata siku za amani umeme unakatika, unarudi kwa nguvu, unapungua mpaka taa inakuwa nyekundu.

Mashini ya kioo inapopasha maji moto inavuta karibu wati 2000. Zamu moja ya maji moto inaweza kula karibu kilowati-saa moja kwenye mita yako ya kulipia mbele. Umeme ukikatika katikati, mlango unabaki umefungwa, nguo na maji viko ndani, sare ya shule nayo iko ndani. Na ndani yake kuna kadi ya elektroniki ambayo umeme wa kurukaruka unaweza kuiunguza kwa siku moja. Fundi wa mtaani mara nyingi hana kadi nyingine ya kuweka.

Ile ya vyumba viwili inavuta karibu wati 300 mpaka 500, na haipashi maji. Dakika 15 za kufula kwa wati 400 ni sehemu moja ya kumi ya kilowati-saa. Saa yake ni ya kuzungusha kwa mkono. Umeme ukienda, unafungua kifuniko na kumaliza kwa mikono. Mkanda ukikatika ao saa ikichoka, fundi anayetengeneza mapanga ya hewa na friji anaijua kazi hiyo.

Kukamua ndiyo faida kubwa

Watu wanapofikiri mashini wanafikiri povu. Mimi nafikiri kukauka. Mji wetu unapata mvua sehemu kubwa ya mwaka, isipokuwa kiangazi cha mwezi wa 6 mpaka wa 8. Nguo zinakaa kambani siku mbili, zinanuka, na vumbi jeusi la mawe linazirudia kabla hazijakauka. Mtoto ana shati moja jeupe na suruali moja ya bluu. Mama anafula saa moja usiku na kuamka alfajiri kuona shati bado ni bichi. Mtoto anavaa hivyo hivyo, ao anabaki nyumbani.

Chumba cha kukamulia kinatoa maji ambayo mikono haiwezi kutoa. Shati lililokamuliwa vizuri usiku linaweza kukauka ndani ya nyumba kabla ya asubuhi. Kwa nyumba yenye feza kidogo, kuna hata mashini ndogo za kukamua tu, bila kufula. Mama anafula kwa mkono, mashini inakamua. Blanketi na vikwembe vizito ndivyo vinavyoharibu mikono na migongo, na hapo ndipo msaada unahitajika kwanza.

Ukifika dukani

Kilo zilizoandikwa kwenye mashini ni za nguo kavu. Kwa watu kumi na wawili, kilo 7 mpaka 10 zinatosha. Angalia chumba cha kukamulia: mara nyingi kinabeba kidogo kuliko kile cha kufulia. Usinunue kabla haijawashwa mbele yako. Sikiliza ikikamua: ikiruka kama pikipiki kwenye mawe, iache. Fungua kifuniko cha kukamulia wakati inazunguka. Inapaswa kusimama haraka. Isiposimama, itavunja mkono wa mtoto.

Kama ni ya okazio iliyotoka ng'ambo, soma kibandiko cha nyuma. Hapa tunatumia volti 220 mpaka 240 na herzi 50. Iliyotengenezwa kwa soko la Amerika inaweza kuwa ya volti 120. Ukiichomeka hapa, itaungua. Tena, mashini ni maji na umeme mahali pamoja. Mwombe fundi ashushe waya wa ardhi, usitandaze waya wa kuongezea juu ya sakafu yenye maji, na chomoa kabla ya kutia mkono ndani.

Na mama anayefulia watu?

Hapa ndipo moyo wangu unapogawanyika. Akina mama wengi wahami wanaishi kwa kufulia watu nguo. Wanapita asubuhi kwenye parseli za Himbi na Katindo wakiuliza kama kuna kazi. Feza ya siku hiyo ndiyo unga wa jioni. Ukinunua mashini na kumwambia "mama, usirudi tena", umepumzisha mikono yake lakini umefunga mdomo wa watoto wake.

Sikubaliani na wanaosema tuache mashini kwa ajili hiyo. Hakuna anayestahili kuinama kwenye beseni saa sita ili tu wengine wasiwe na dhambi. Ninasema mashini imfikie yeye. Mwenye nyumba anaweza kumwachia kazi ya kuiendesha na kumlipa kama zamani. Lakini njia ninayoipenda zaidi ni ya likelemba: nyumba nne ao tano za mtaa mmoja zinunue mashini moja ya vyumba viwili, iwekwe kwenye parseli yenye umeme, na mama mhami aiendeshe. Kila mtu alete maji yake na sabuni yake, alipe kidogo kwa kila zamu. Sehemu ni yake, sehemu ni ya umeme, sehemu inawekwa kwa siku ya fundi.

Mtaniambia kitu cha watu wengi kinaleta ugomvi. Ni kweli. Ndiyo maana kuwe na daftari: jina, siku, namba ya mita kabla na baada. Na mkubaliane mapema nani analipa ikiharibika. Likelemba za feza zimetufundisha hayo tangu zamani.

Kwa mashirika yanayosaidia wahami nina neno moja. Sabuni na beseni mnazogawa zinasaidia, tunashukuru. Lakini fikirieni pia mahali pa kufulia penye maji, mbali na pale watu wanapochota ya kunywa, kwa sababu kipindupindu hakijatuacha. Kuna mashini za kuzungusha kwa mkono, zisizotumia umeme kabisa. Mhandisi Mwingereza Navjot Sawhney alitengeneza moja inayoitwa Divya, na imefikishwa katika kambi za Iraq. Kitu kama hicho kingefaa sana hata Minova na Sake.

Mwisho, akina baba. Mwanaume akinunua televizyo hamwombi mtu ruhusa. Ikifika zamu ya mashini, anasema mke ana mikono. Na siku akikubali, anaenda dukani peke yake na kurudi na ile ya kioo kwa sababu inang'aa, halafu inakuwa meza ya kuwekea redio. Nenda na mama. Nenda na binti yako anayebeba bidoni. Waulize wao: maji ya zamu moja yatatoka wapi, nani atayaleta, na umeme ukikatika tutafanya nini?

Kama hamna jibu, ao kama feza hiyo ndiyo ya shule na ya unga, ao kama mnajitayarisha kurudi kijijini, msinunue bado. Wapeni vijana wa kiume nao beseni Jumamosi hii. Hiyo haina bei, na haingoji umeme.