Kompyuta Kuukuu na Kadi Yake

Imekuwa desturi katika shule nyingi ya kwamba kompyuta mpakato ikishindwa kushika Wi-Fi huambiwa ni mbovu. Hufungiwa kabatini, na muhula ufuatao wazazi huombwa mchango wa kununua nyingine. Mimi nasema desturi hiyo si njema. Mara nyingi kompyuta yenyewe ni nzima. Kioo chake chawaka, vibonye vyake vyaandika, na mwanafunzi aweza kuandikia insha zake bila taabu. Kilichokufa, au kilichopitwa na wakati, ni kadi moja tu iliyolala chini ya kifuniko, upana wake milimita 30 na urefu wake kiasi cha milimita 51, au nusu ya hapo.

Kabla hata ya kushika bisibisi, yafaa kutazama ubavu wa kompyuta. Kompyuta nyingi za zamani zina swichi ndogo ya kuwasha na kuzima redio, na vidole vya wanafunzi vyapenda sana kuichezea. Tena yafaa kuitazama ruta. Kadi nyingi za zamani husikia masafa ya gigahezi 2.4 peke yake. Ruta ikiwekwa kutoa gigahezi 5 tu, kadi hiyo haitaona kitu, wala kosa si lake.

Lakini tuseme kadi imekufa kweli. Wapo watakaosema, "Basi nunua nyingine uitie, yamekwisha." Laiti ingekuwa rahisi hivyo! Kadi hizi si kama betri za tochi. Kompyuta za mwanzo wa miaka ya 2000 zilitumia umbo liitwalo Mini PCI. Tangu 2005 hivi ikaja Mini PCI Express. Na tangu 2013 hivi ikashika M.2. Hakuna moja iingiayo katika tundu la mwenzake. Hata vichwa vya nyaya za antena katika M.2 ni vidogo kuliko vya zamani, na mwenye kuvilazimisha huvivunja. Mtu aendaye Kariakoo kuomba "kadi ya Wi-Fi ya laptop" bila kuwa na ile ya zamani mkononi ni sawasawa na mzazi anunuaye viatu vya mtoto bila kujua ukubwa wa mguu.

Umbo likikubali, huenda bado yupo mlinzi mlangoni, na hapa ndipo penye malalamiko yangu makubwa. Kampuni ya IBM, na baada yake Lenovo iliyonunua kazi hiyo ya kompyuta mwaka 2005, ziliweka katika kompyuta nyingi za ThinkPad orodha ya kadi zilizoruhusiwa. Orodha hiyo imo ndani ya BIOS, yaani programu ya kwanza iamshayo kompyuta. Ukiiwasha, husoma namba za kadi. Isipokuwamo katika orodha, kompyuta huandika kosa namba 1802 na kukataa kuendelea. Baadhi ya kompyuta za HP nazo zilifanya hivyo, zikiandika 104. Sababu itajwayo ni sheria za redio, maana Marekani, kwa mfano, hutaka kadi na antena zake zipimwe pamoja. Sikatai, redio isiyopimwa yaweza kuvuruga masafa ya watu. Lakini kadi ya Intel 6205 iliyouzwa kwa jina la Lenovo hukubaliwa, na dada yake wa kiwanda hichohicho, mwenye umbo na kazi ileile, hukataliwa kwa kuwa namba iliyoandikwa ndani yake ni nyingine. Huko ni kumfukuza mwanafunzi darasani kwa sababu sare yake imeshonwa na fundi mwingine. Mimi sioni haki hapo.

Wapo mafundi wanaoibadili BIOS ili kuifuta orodha hiyo. Kwa kompyuta ya mtu binafsi, na aamue mwenyewe. Kwa kompyuta za shule sishauri, maana umeme ukikatika katikati ya kazi, kompyuta iliyokosa Wi-Fi yaweza kuwa kompyuta isiyowaka kabisa. Nasi twaujua umeme wetu. Njia iliyo bora ni kutafuta kadi yenye namba ya kampuni yenyewe. Lenovo huiita namba hiyo FRU, na orodha yake imo katika kitabu cha matengenezo cha kila aina ya kompyuta, kinachopatikana bure katika intaneti. HP nayo ina vitabu vya namna hiyo.

Wengine wataniuliza, kwa nini tusinunue kile kidude cha kuchomeka kwenye USB? Ni swali zuri, na mahali ambapo mlinzi amekataa kabisa, hiyo ndiyo dawa, kwa kuwa orodha ya BIOS haikigusi. Ila katika maabara ya wanafunzi wengi, kitu kinachochomoza nje hupigwa kiwiko kikavunjika, au huondoka na mfuko wa mtu.

Liko na jambo la programu. Windows 10 iliacha kuhudumiwa kwa kawaida Oktoba 2025, na kompyuta kuukuu nyingi haziipokei Windows 11, kwa hiyo shule nyingine zahamia Linux. Huko kadi za Atheros za aina ya AR9280 na AR9285 huenda bila kutafutiwa kitu cha ziada. Kadi nyingi za Broadcom hutaka faili lao lipakuliwe kwanza kutoka intaneti, na intaneti ndiyo hasa unayoikosa! Anayetaka kujua kadi aliyo nayo aandike lspci -nn, kisha atazame namba: 8086 ni Intel, 14e4 ni Broadcom, 168c ni Atheros, 10ec ni Realtek.

Naomba basi walimu wetu waturuhusu, sisi wa Kidato cha Tatu na kuendelea, kuzifungua zile zilizomo kabatini. Najua hofu ya wazee: watoto wataziharibu. Na awepo mwalimu. Umeme uchomolewe, betri itolewe, skrubu ziwekwe katika kisahani, na kabla ya kuzing'oa nyaya za antena iandikwe ipi ilikaa wapi. Kuandika kwashinda kukumbuka. Kisha katika daftari moja tuandike jina la kompyuta, umbo la tundu, namba ya kadi, na kama kuna mlinzi. Daftari likijaa, barua ya mchango iendayo kwa wazazi itataja kadi fulani za namba fulani, na mzazi atakayeipokea ataweza kuuliza bei yake dukani mwenyewe.