UCHAMBUZI: Tatizo la haki Nakuru si kitambaa machoni, ni mizani tupu

JUU ya mahakama ya Old Bailey jijini London amesimama mwanamke wa shaba nyeusi aliyepakwa dhahabu, upanga mkono mmoja na mizani mkono wa pili. Sanamu hiyo, kazi ya mchongaji F. W. Pomeroy ya mwanzoni mwa karne ya 20, haina kitambaa machoni.

Wengi hudhani kitambaa hicho kilikuwepo tangu enzi za Warumi, waliomwita mwanamke huyo Justitia. Sivyo. Katika mchoro mmoja maarufu uliochapishwa Basel mwaka wa 1494, anayemfunga macho ni mpumbavu, na picha hiyo ilikuwa kejeli kwa mahakama. Baadaye tu ndipo kitambaa kilipogeuka kuwa sifa: hakimu asitazame sura, kabila wala mfuko wa mshtakiwa.

Mkanganyiko huo ungalipo katika eneo la kati la Bonde la Ufa. Kila kesi kubwa inapoporomoka Nakuru au Naivasha, wananchi hulalama kwamba haki ni kipofu. Hata hivyo, rekodi za mahakama zinaonyesha kasoro kwingineko.

Aprili 2005, afisa wa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS) aliuawa kwa risasi katika shamba la Soysambu, karibu na Ziwa Elmenteita. Shamba hilo ndiko ilikohamishiwa sanamu nyingine ya shaba nyeusi, ya Lord Delamere, ilipong'olewa Nairobi nchi ilipopata uhuru. Kitukuu wake, Tom Cholmondeley, alishtakiwa Nakuru. Alijitetea kuwa aliwadhania maafisa hao kuwa majambazi. Mwezi uliofuata Mwanasheria Mkuu Amos Wako aliiondoa kesi kabla ya ushahidi kusikilizwa, hatua iliyozua maandamano ya jamii ya Wamaasai.

Aprili 30, 2009, Mahakama Kuu ya Nakuru iliwaachilia huru wanaume wanne walioshtakiwa kuhusiana na kuteketezwa kwa kanisa la Kiambaa, viungani mwa Eldoret, Januari 1, 2008. Jaji David Maraga, ambaye baadaye alikuwa Jaji Mkuu, aliwakosoa polisi kwa uchunguzi duni. Tume ya Jaji Philip Waki ilikuwa imehesabu watu 1,133 waliouawa katika ghasia za baada ya uchaguzi wa 2007, Nakuru na Naivasha zikiwa miongoni mwa maeneo yaliyoathirika vibaya.

Kisha ikaja Solai. Mei 9, 2018, bwawa la shamba la Patel lilipasuka usiku na kuwasomba watu zaidi ya 40. Walioshtakiwa kwa kuua bila kukusudia waliachiliwa na mahakama ya Naivasha Februari 2020 kwa sababu upande wa mashtaka ulikuwa ukichelewesha kesi. Baadaye Mahakama Kuu iliamuru kesi isikilizwe upya.

Katika visa vyote vitatu, tatizo halikuwa macho ya hakimu. Mizani iliachwa tupu: kesi ya kwanza iliondolewa mapema, ya pili ilifikishwa kortini na uchunguzi mbovu, ya tatu ikacheleweshwa. Mahakama haiendi kutafuta ushahidi, hupima ulioletwa. Jaji anayemfunga mtu bila ushahidi ili kuwaridhisha wafiwa atakuwa ameuacha upanga ufanye kazi ya mizani.

Katiba ya 2010 iliziba sehemu ya pengo hilo. Kifungu cha 157 kilimpa Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma uhuru wa kikazi, lakini kikamkataza kuondoa kesi bila idhini ya mahakama. Kifungu cha 159 nacho kinaagiza haki itendwe kwa wote bila kujali hadhi, tena bila kucheleweshwa.

Lakini sheria haikusanyi alama za vidole eneo la mkasa, wala haimlindi shahidi anayerudi kulala jirani na mshukiwa. Kazi hiyo ni ya polisi, viongozi wa mashtaka na serikali inayowapa fedha.

Familia za Solai na Kiambaa hazihitaji haki ifunguliwe macho. Zinahitaji wenye jukumu la kuijaza mizani wafike kortini wakiwa na kitu mkononi.