Mafundi wa betri, acheni kuua betri za pikipiki



Natoa maoni yangu kuhusu tabia ya baadhi ya mafundi wanaochaji betri mitaani. Mimi ni dereva wa bodaboda, na jambo hili linatugusa sana sisi ambao pikipiki ndiyo jembe letu.

Fundi wa aina hii hupanga betri za magari na za pikipiki katika mstari mmoja, akaunga chanya ya hii na hasi ya ile, kisha akawasha mashine. Kwa mpango huo kila betri hupitiwa na ampea zilezile, iwe kubwa au ndogo. Betri ya gari ya Ah 60 ikipewa ampea 5 haidhuriki. Lakini betri ya pikipiki ya Ah 7 ikilazwa usiku kucha kwa ampea hizo 5, itapata moto, maji yake yatatokota na kupungua, na bamba za risasi ndani yake zitaharibika. Asubuhi mwenye mali anakabidhiwa maiti, na bado anadaiwa fedha ya chaji!

Kanuni yenyewe si ngumu. Soma Ah zilizoandikwa ubavuni mwa betri, ugawe kwa 10. Betri ya Ah 5 ipewe ampea 0.5, na ya Ah 7 ipewe ampea 0.7. Ikiwa imekwisha kabisa itahitaji saa 10 hadi 14. Kama mtengenezaji ameandika kiwango chake, kifuatwe hicho. Betri ikiwa ya moto mkononi, chaji isimamishwe. Tena mahali pa kuchajia pawe na hewa ya kutosha na pasivutwe sigara, kwa sababu betri hutoa hewa ya haidrojeni ambayo hulipuka.

Najua mafundi watajitetea kwamba wateja wana haraka. Ni kweli, baadhi ya madereva wenzangu huleta betri jioni na kuitaka baada ya saa moja. Lakini fundi ndiye mwenye ujuzi, na wajibu wake ni kumweleza mteja ukweli. Hata betri ambazo watengenezaji wameziruhusu kuchajiwa haraka, wameziwekea kikomo cha muda mfupi. Hawakusema zilazwe hapo mpaka asubuhi.

Wako watakaosema pikipiki huwaka hata kwa kupiga kiki. Sawa, lakini katika pikipiki zetu nyingi honi, indiketa na taa ya breki hutegemea betri. Dereva asiye na taa ya breki usiku anahatarisha maisha yake na ya abiria wake.

Kwa hiyo napendekeza mambo matatu. Kwanza, mafundi wawe na chaja ndogo kwa ajili ya betri za pikipiki tu. Pili, kila fundi aandike kwenye karatasi ya mteja ampea na saa alizotumia. Tatu, vyuo vya VETA vinavyofundisha umeme wa magari viwafikirie mafundi wa mitaani kwa masomo mafupi ya jioni.

Wenzangu madereva, tuulize ampea kabla ya kuuliza bei.

Dereva wa Bodaboda,
Morogoro.