Zabuni ya serikali isije ikala ada ya watoto

Familia nyingi mjini Morogoro zinaishi kwa fremu moja. Kuanzia Msamvu hadi jirani na Soko la Chifu Kingalu, na kuzunguka vyuo, zipo fremu zenye kompyuta, mashine ya kuchapia na meza ya kukatia stika. Baba anabuni na kuchapa, mama anapokea wateja na kushika daftari. Leo ni fulana za kipaimara, kesho bango la mahafali, keshokutwa kadi za harusi. Fedha inaingia kidogo kidogo, na jioni inatoka hivyohivyo: unga, umeme, nauli ya shule.

Kisha linatokea tangazo. Ofisi ya serikali inatafuta mtu wa kuibrandi: vibao vya milango, bango kubwa la nje, stika za magari, mabango ya kusimama ya kwenye mikutano. Kazi ni ileile ambayo fremu inaifanya kila siku, ila kiasi chake ni cha miezi kadhaa kwa mkupuo mmoja. Nyumba nzima inachangamka, na watoto wanaanza kuahidiwa viatu.

Hakuna ubaya katika kuchangamka. Serikali ni mteja mkubwa, na wafanyabiashara wadogo wametengewa nafasi kisheria. Lakini zabuni ina jambo moja ambalo halipewi herufi kubwa kwenye tangazo: mzabuni anatoa fedha yake kwanza, serikali inalipa baadaye. Katika kipindi hicho cha katikati, familia ndiyo inayoikopesha serikali. Kwa hiyo swali la kwanza mezani lisiwe "tutashinda?" bali "tukishinda, nyumba itakula nini mpaka malipo yafike?"

Mlango wa kuingilia

Zamani mzabuni alibeba bahasha zilizofungwa kwa lakiri na kuzitumbukiza kwenye sanduku la zabuni. Siku hizi zabuni za umma zinapita kwenye mfumo wa NeST, ulioanza kutumika mwaka 2023 na kuchukua nafasi ya TANePS. Unasimamiwa na Mamlaka ya Udhibiti wa Ununuzi wa Umma, PPRA. Mzabuni anajisajili humo, anapakia nyaraka zake, anajaza bei na kuwasilisha. Saa ya mwisho ikifika mfumo unajifunga wenyewe, na hakuna mlinzi wa getini wa kuombwa "nisaidie dakika tano".

Maandalizi hayo yanataka TIN na uthibitisho wa kodi kutoka TRA, leseni ya biashara, na usajili wa BRELA kwa wanaotumia jina la biashara au kampuni. Familia inayosubiri tangazo ndipo ianze kutafuta nyaraka hizi inajikuta usiku wa mwisho inagombana na intaneti. Ni bora zikamilishwe wakati hakuna haraka.

Wapo wazazi wanaodhani zabuni ni za kampuni kubwa tu. Utaratibu wa ununuzi wa umma unazitaka taasisi kutenga asilimia 30 ya bajeti ya ununuzi ya mwaka kwa makundi maalumu: wanawake, vijana, wazee na watu wenye ulemavu. Anayeingia kwa njia hiyo huwa katika kikundi kilichosajiliwa na kutambuliwa, na pa kuanzia ni kwa ofisa maendeleo ya jamii wa halmashauri. Hapohapo ndipo panapoulizwa pia kuhusu mikopo isiyo na riba inayotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri: nne kwa wanawake, nne kwa vijana na mbili kwa watu wenye ulemavu. Kwa kikundi kinachohitaji mtaji, tofauti kati ya mkopo huo na wa riba ya kila mwezi ni kubwa, kama hesabu inayofuata inavyoonyesha.

Hesabu ya mezani

Chukulia mfano wa kufikirika wa mke na mume wenye fremu. Ofisi inataka vibao 60 vya milango, bango moja la nje lenye taa, mabango sita ya kusimama na stika za magari kumi. Gharama zao ni hizi:

Vibao 60 kwa Sh25,000 kila kimoja: Sh1,500,000.
Bango la nje: Sh2,400,000.
Mabango sita ya kusimama kwa Sh90,000: Sh540,000.
Stika za magari kumi kwa Sh80,000: Sh800,000.
Usafiri na mafundi wa kufunga: Sh460,000.

Jumla ni Sh5,700,000. Wanaomba Sh7,500,000 na kushinda. Kwenye karatasi faida ni Sh1,800,000, na hapo ndipo familia nyingi hufunga daftari.

Ni mapema mno kulifunga. Serikali inapomlipa mzabuni hukata kodi ya zuio: asilimia 2 kwa bidhaa, asilimia 5 kwa huduma. Kazi hii ikihesabiwa kuwa huduma, makato ni Sh375,000. Fedha hiyo haijapotea, kwa kuwa mzabuni akiwa na cheti cha makato huihesabu anapokamilisha kodi yake ya mwaka. Lakini siku ya malipo haipo mkononi. Kinachobaki ni Sh1,425,000.

Sasa uingie mkopo. Wawili hawa hawana Sh5,700,000 ndani, hivyo wanakopa Sh4,000,000 kwa riba ya asilimia 3.5 kwa mwezi, yaani Sh140,000. Wakilipwa baada ya miezi mitatu, riba imekula Sh420,000 na wamebaki na Sh1,005,000. Baada ya miezi sita, wamebaki na Sh585,000. Malipo yakichukua miezi kumi, riba imefika Sh1,400,000, na faida ya kazi yote, pamoja na usiku wote wa kukata stika, ni Sh25,000.

Mwaka wa fedha wa serikali huanza Julai 1 na kuishia Juni 30. Oda inayotolewa Mei au Juni ina hatari yake: nyaraka zikichelewa mpaka mwaka ukafungwa, dai linaweza kuhamia mwaka unaofuata na kuingia kwenye foleni ya madeni ya wazabuni. Madeni hayo si uvumi wa vijiweni, kwa kuwa Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali amekuwa akiyataja katika ripoti zake. Familia yenye mtoto anayetakiwa kulipiwa ada Julai isiihesabu fedha ya oda ya Juni kuwa ndiyo ada.

Lingine ni aina ya mkataba. Kuna mikataba maalumu ambayo mzabuni anakubaliwa yeye na bei zake kwa kipindi fulani, halafu ofisi inaagiza inapohitaji. Kushinda mkataba wa namna hiyo ni kuruhusiwa kusubiri oda, na oda inaweza isije. Anayekimbilia Kariakoo kununua shehena ya akriliki siku ya kusaini, kabla hajashika oda ya maandishi, maarufu kama LPO, anageuza sebule yake kuwa ghala.

Kazi yenyewe

Bei ikadiriwe kwa mahali kazi inapofungwa, si mahali fremu ilipo. Mfano ulio karibu ni Halmashauri ya Wilaya ya Morogoro. Jina lake ni la mji, lakini makao yake makuu yako Mvuha, na safari inapita Bigwa, Kiroka na Matombo ikiambaa na Milima ya Uluguru. Wakati wa masika, fundi aliyepangiwa siku moja anaweza kulala huko siku mbili. Ofisi ya kata iliyo juu mlimani ina hesabu yake nyingine: bango linaweza kushuka kwenye gari na kumalizia safari begani.

Kibao chenye cheo kilichokosewa herufi moja kinarudiwa kwa gharama ya aliyekichapa, asipokuwa na karatasi ya kuonyesha kwamba ofisi iliidhinisha maandishi hayo. Kwa hiyo kabla ya kuchapa, nakala ya kila kibao ipelekwe isainiwe. Ngao ya Taifa isinyofolewe mtandaoni ikavutwa mpaka mwanamume na mwanamke wakanenepa, maana matumizi ya nembo za Taifa yanalindwa na sheria. Iombwe kwa maandishi kutoka kwa ofisi husika, ikiwa na rangi zake sahihi.

Baada ya kufunga, kazi hukaguliwa na kamati ya ukaguzi na mapokezi. Hati ya makabidhiano isainiwe siku hiyohiyo, ankara iambatanishwe na risiti ya EFD, na nakala ya kila karatasi ibaki nyumbani. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa mzabuni, karatasi moja isiyosainiwa inaweza kuchelewesha malipo kuliko ukata wa Hazina.

Nyumba, shamba na ukoo

Mtaji ukikosekana, macho huenda kwenye hati ya nyumba. Hapa sheria imesimama kati ya mume na mke. Kifungu cha 59 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kinamzuia mmoja wao kuuza au kuweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake. Ridhaa ni kukubali baada ya kuelezwa, na saini inayoombwa usiku, wakati mama amesinzia, kwa maneno "weka hapa tu, ni mambo ya zabuni", haistahili kuitwa ridhaa.

Kwa familia zenye asili ya Uluguru kuna jambo la ziada. Kwa mila ya Waluguru, ardhi ya ukoo hufuata upande wa mama, na wajomba wana sauti. Shamba la migomba Kinole, la karafuu Matombo au la viazi Mgeta linaweza kuwa linalimwa na familia moja, huku likiwa la ukoo mzima. Baba anayeliahidi kwa mkopeshaji anaahidi kisicho chake, na siku ya kudaiwa watoto ndio watakaokosa pa kukanyaga kwa bibi yao.

VICOBA navyo visisahaulike. Fedha ya kikundi ni ya majirani, na mama akiichukua kwa ajili ya zabuni, ucheleweshaji wa ofisi unageuka kuwa aibu ya mtaani. Kama ni lazima, wanakikundi waambiwe ukweli kwamba tarehe ya kurejesha inategemea malipo ya serikali.

Mwenza akiwa mtumishi

Morogoro ni mji wa watumishi. Nyumba nyingi zina mmoja mwenye fremu na mwingine aliyeajiriwa SUA, Mzumbe, manispaa au hospitali. Zabuni ikitoka kwenye ofisi ya mwenza, uhusiano huo usifichwe. Mtumishi atamke kwa maandishi kuwa ana maslahi, na akae mbali na kila hatua ya zabuni hiyo. Ukimya ndio unaoweza kugharimu ajira, na mshahara wa kila mwezi ndio uliokuwa ukiifanya familia ivumilie kucheleweshewa malipo.

Hatari inayofanana na hiyo ni kukodisha jina. Rafiki anaomba atumie usajili wa fremu kuombea zabuni, kwa ahadi ya asante. Akivuruga kazi au akipakia nyaraka za kughushi, anayefungiwa kushiriki zabuni za umma ni mwenye jina.

Kisha kuna simu. Mtu asiyejulikana anajitambulisha kuwa yuko kitengo cha ununuzi, anataja jina la zabuni kwa usahihi, na kusema faili liko mezani ila linahitaji "kusukumwa". Wengi wa hao ni ndugu wa wale wa "tuma kwa namba hii". Na kama ni ofisa wa kweli, basi hiyo ni rushwa, na namba ya kupiga ni 113 ya TAKUKURU, bila malipo. Anayeamini ameonewa katika matokeo ana njia ya halali: malalamiko kwa ofisa masuuli wa taasisi husika, kisha rufaa kwa Mamlaka ya Rufani za Zabuni za Umma, PPAA. Muda wa kulalamika ni siku chache za kazi, kwa hiyo akaunti ya NeST ifunguliwe kila siku, isisubiri Jumamosi.

Kikao cha nusu saa

Kabla ya bei kujazwa kwenye mfumo, wazazi wazime televisheni na wajibu maswali matano kwa kalamu. Fedha ya kuanzia inatoka wapi? Malipo yakikaa miezi sita, ada, kodi ya nyumba na chakula vinatoka wapi? Kazi ndogondogo za kila siku atabaki nazo nani, maana hizo ndizo zinazoleta unga? Nani anashika daftari la zabuni hii peke yake? Na bei ya chini kabisa ambayo ikishuka hapo familia inaachia ni ipi?

Swali la mwisho ndilo gumu, kwa sababu ushindani unavuta bei chini na kila mmoja anataka kuonekana ameshinda. Lakini bei ikishaandikwa na kusainiwa, mkataba ni mkataba. Haujui kama akriliki imepanda Kariakoo wala kama mtoto amefaulu kwenda kidato cha tano.

Majibu yakitosha, waombe bila woga, na watoto wakubwa waelezwe kwamba miezi michache ijayo mkanda utakazwa na kwa nini. Yasipotosha, zabuni hiyo ipite. Matangazo mengine yatakuja mwaka ujao wa fedha, na fremu itakuwa bado iko wazi.