Fizikia ya nini kambini? Tuulize jicho

Jamani, tuongee ukweli. Kila tukiulizwa vijana tunataka mafunzo gani, tunaandika ushonaji, sabuni, saluni. Sipingi, cherehani inalisha watu. Lakini mtu akitaja fizikia anachekwa: "Nyota zitakupa unga?" Hicho kicheko ndo nataka kukijibu leo, kwa habari moja ya kweli.

Tazama juu ya mabati saa saba mchana, jua likiwa kali. Vitu vya nyuma yake vinacheza-cheza kama viko ndani ya maji. Hewa ya moto inachanganyika na ya baridi, mwanga unapindapinda. Usiku hewa ya juu inafanya vile vile, ndo maana nyota zinametameta. Kwetu ni uzuri tu, lakini kwa wanaotumia darubini ni shida. Hata darubini iwe kubwa namna gani, hewa inavuruga picha.

Mwaka 1953 Mmarekani mmoja, Horace Babcock, akatoa wazo: tupime hewa inavyopinda mwanga, tuunyooshe hapo hapo. Wazo lilikuwa zuri, ila vifaa vya kulitimiza havikuwepo. Siku hizi vipo. Chombo kinapima mwanga wa nyota, kompyuta inapiga hesabu, halafu kioo chembamba kinasukumwa na kuvutwa kwa nyuma, mara mamia kwa sekunde, mpaka picha inatulia. Kama hakuna nyota angavu karibu, wanapiga leza mpaka kilomita kama 90 juu, kwenye tabaka la sodiamu, inawaka kama nyota ya bandia. Hii kitu iliwasaidia Andrea Ghez na Reinhard Genzel kufuatilia nyota za katikati ya galaksi yetu, wakaonyesha kuna shimo jeusi lenye uzito wa jua kama milioni 4. Mwaka 2020 wakapewa Nobel.

Sasa utaniuliza, hiyo inatuhusu nini? Ngoja.

Daktari akitaka kuona ndani ya jicho lako, anapita kwenye konea na lenzi. Na hizo hakuna mtu anazo safi kabisa, zina mikunjo yake. Zinaharibu picha kama hewa inavyoharibu nyota. Basi watafiti wa Chuo Kikuu cha Rochester, Marekani, wakachukua ujanja ule ule wa watu wa nyota, wakauelekeza kwenye jicho. Mwaka 1997 Liang, Williams na Miller walitoa picha za retina ya mtu aliye hai, zinazoonyesha seli moja moja. Mwaka 1999 Roorda na Williams wakaonyesha jinsi seli za rangi tatu zilivyopangika katika macho ya watu wawili. Mpangilio ulitofautiana sana, lakini wote wawili waliona rangi kawaida. Leo watafiti wanaweza kufuatilia seli za mgonjwa huyo huyo, waone zipi zinakufa na kama dawa inazisaidia.

Najua mtakachosema. Mashine hizo nyingi ziko kwenye maabara za utafiti, siyo hospitali za kawaida. Mama mwenye mtoto wa jicho anahitaji upasuaji, na mwanafunzi asiyeona ubao anahitaji miwani. Ni kweli, na hayo yaje kwanza. Lakini aliyepima nyota mwaka 1953 hakujua kwamba anafungua njia ya jicho. Kama wangemuuliza "itatupa nini kesho asubuhi?" na kumfungia mlango, njia hiyo ingefungwa pia.

Na kuna jambo lingine. Jeshi la Marekani lilifanya kazi hii kwa siri, likitaka kuona satelaiti vizuri kutoka ardhini. Wanaastronomia wa nje walihangaika na mambo ambayo wengine walishayatatua. Siri ile ilifunguliwa mwaka 1991. Mwaka 1999, Chuo Kikuu cha California kule Santa Cruz kikafungua kituo kilichokutanisha watu wa nyota na watu wa macho. Elimu ikigawanywa, kazi inakwenda.

Sisi elimu yetu tunaifungia wenyewe, tukisema "hiyo si ya wakimbizi". Nani alitupa hiyo sheria? Humu ndani kuna waliomaliza sekondari wakiwa wazuri wa hesabu, sasa wamekaa tu. Kuna wadogo zetu wanaacha sayansi juu hakuna wa kuwaelekeza.

Ombi langu ni dogo. Tupate chumba kimoja jioni, siku mbili kwa wiki, tufundishe hesabu na fizikia. Chaki tutachanga. Anayeweza kufundisha hata mada moja, aandike jina lake hapa chini.